Sikio Kwanza, Jicho Baadaye

Ukitaka kumjua mtu anayeimudu kazi ya kutazama ndege, usiitazame darubini yake. Itazame miguu yake. Anapiga hatua tatu nne, anasimama. Anasimama mpaka wewe unayemfuata unaanza kujiuliza kama amepotea njia, kisha anasonga tena hatua tatu nne. Katika vichaka vya ufukwe wa Ziwa Viktoria, kuanzia Kendu Bay hadi Mbita na kushuka mpaka Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania, mwendo huo ndio unaomtofautisha aliyekuja kunyoosha viungo na aliyekuja kuona. Mwenye haraka ataona majani.

Nimekuwa nikiwafuata watu wa namna hii kila ninapopata nafasi, na heshima yangu kwao imezidi kukua. Baadhi ni waongozaji wa watalii wenye vyeti. Wengine ni wachungaji, wavuvi wa omena, akina mama wanaokata mafunjo ya kusukia mikeka. Sijamwona hata mmoja wao akitafuta ndege kwa kuzungusha kichwa huku na huku. Wote husikiliza kwanza.

Msimu mzuri wa kuwafuata ni ule wa mvua ndefu, ambao Waluo huuita chwiri. Mwezi Februari vilima vya Gembe na Gwasi huwa vimekauka, na penye rangi ni kwenye mti wa orembe peke yake, wenye maua mekundu juu ya matawi yasiyo na jani hata moja. Mvua ikishaanza Machi, kila kitu hubadilika kwa kasi. Nyasi huchipua kwenye udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Gloriosa hupanda juu ya ua wa boma, maua yake mekundu yenye pindo la njano yakiwa yamegeuza petali kuelekea juu, na viazi vyake ardhini vina sumu kali ambayo watoto huonywa mapema. Viazi-pori vinavyotambaa hufungua maua ya zambarau alfajiri na kuyafumba jua likipanda, kwa hiyo anayeamka saa tatu hujikuta amechelewa.

Aprili hasa ni mwezi wa kupishana. Mbayuwayu na keremkerem waliokuja kukaa nasi wakati wa baridi ya Ulaya huwa wanarudi kaskazini, makundi kwa makundi, wakipita juu ya ziwa bila kutua. Wakati huohuo ndege wengine wanawasili kutoka kusini. Mtazamaji mzuri anajua ni nani anapaswa kuwa njiani wiki hii, na ujuzi huo humfungua macho kabla ndege mwenyewe hajatokea. Hubahatishi unapojua wa kumngojea.

Acha nieleze asubuhi moja kwenye kinamasi cha mafunjo karibu na mdomo wa mto Miriu. Mafunjo ya hapo yanafika mita nne, yamesongamana, na ndani yake hupiti bila panga. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Karachuonyo ambaye alianza kwa kumsaidia nyanya yake kubeba mafunjo, akaishia kuwa mtu anayetafutwa na wageni wenye vitabu. Tulimkuta mama mmoja tayari yuko kazini, maji yamemfika magotini. Kijana akamwamkia, "Oyawore, mama," akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mguu uliokuwa unamsumbua. Ndipo akauliza kama mwenye kifua chekundu amelia. Mama akaonyesha kwa kidevu, bila kuacha kukata. Kule, karibu na mtumbwi uliozama.

Tukasimama kule. Kwa muda mrefu kulikuwa na sauti za mnana tu, wakigombana juu ya viota vyao, na mdiria mweusi-mweupe akielea hewani juu ya maji kabla ya kujitosa. Kisha ikapasuka sauti ndani ya mafunjo, mlio mzito wa kama filimbi, na papo hapo mkwaruzo ukafuata. Ningeapa ni ndege mmoja. Kijana akanyanyua vidole viwili. Dume na jike, wamekaa mbali kidogo, mmoja analia na mwenzake anajibu kwa wepisi ambao sikio la mgeni haliwezi kuona mshono. Hakuinua darubini. Alihesabu kimya kimya majibu yao, akagundua kuwa jike anasogea kushoto, akasogea kushoto naye, hatua mbili, akasimama tena.

Alikuwa anamngojea tiva wa mafunjo. Ndege huyu anaishi kwenye mafunjo, na mafunjo yakiisha naye hana pa kwenda. Kwenye vichaka vya nchi kavu, hatua chache tu nyuma yetu, yupo jamaa yake wa karibu, tiva mwenye kichwa cheusi, naye pia ana kifua chekundu na huimba wawili wawili vilevile. Mtu akiona wekundu ukipita kasi na kusema amemwona wa mafunjo, hajasema kitu. Kijana alitaka utosi na bawa. Wa mafunjo ana utosi wa rangi ya dhahabu, na kwenye bawa jeusi ana mstari mweupe ulio wazi. Mwenzake wa vichakani hana kimoja wala kingine. Hatimaye dume alipanda bua hadi kwenye shada la juu, bua likainama kwa uzito wake, jua likampata ubavuni. Utosi wa dhahabu, ndiyo. Mstari mweupe, ndiyo. Kifua kilikuwa chekundu kiasi kwamba maji chini yake yalipata wekundu. Alikaa pale kwa pumzi chache tu, akazama tena, na wawili wale wakaendelea kuimba kana kwamba hatupo.

Ninachokipenda katika kazi hii ni yale yaliyotangulia pumzi zile chache. Bila mama yule na kidevu chake tungesimama mahali pasipo. Bila hesabu ya majibu tungekuwa tunatazama upande ambao ndege ameshauhama. Na bila kujua alama mbili za kutafuta, tungerudi na kumbukumbu ya wekundu tu.

Elimu hii ya wenyeji ilipata bahati ambayo lugha nyingi za Afrika Mashariki bado hazijaipata. Mwaka 1998, mtaalamu wa mimea John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Timothy Johns, walichapisha kamusi ya kibiolojia ya Dholuo, yenye majina ya mimea na wanyama yakilinganishwa na majina ya kisayansi. Kamusi ya aina hiyo haiwezi kuandikwa na mtu aliyekaa ofisini. Kila jina lina mtu aliyelitamka akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe. Nikikutana na mzee anayejua kuwa arum-tidi, yule mumbi mkubwa mweusi anayetembea ardhini, akinguruma asubuhi mvua haiko mbali, ninajua ninazungumza na mtu wa fani hiyo hiyo, hata kama hajawahi kushika darubini.

Maua yanadai subira ya namna nyingine, kwa sababu hayakimbii. Tatizo la ua ni kwamba unaweza kulipita mara mia ukidhani umeliona. Mtazame mtu anayeyajua: atapiga goti, atageuza jani aone upande wa chini, atagusa shina ajue ni la mviringo au la pembe nne, ndipo atalitazama ua lenyewe. Rangi huja mwisho. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko yote.

Ua ambalo limenifundisha zaidi ni kayongo, ambalo maafisa wa kilimo huliita striga. Utalikuta katikati ya shamba la mahindi au mtama, Migori na Homa Bay kote, shina limesimama wima hadi magotini, maua ya waridi yenye zambarau kidogo, yamepangana vizuri kiasi kwamba mgeni angetaka kuyachuma. Mkulima akiyaona moyo unamdondoka, kwa sababu uharibifu umeshafanyika. Mbegu ya kayongo ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu. Zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mvua tu. Zinangojea kemikali inayotolewa na mzizi wa mhindi, na zikishaipata huota, hujipachika kwenye mzizi huo na kunyonya. Mahindi hudumaa na kubadilika rangi kabla ua halijatoka ardhini.

Mtu aliyezoea kutazama atakuonyesha uharibifu huo wiki kadhaa kabla ya ua la kwanza. Anasoma majani ya mahindi. Anaona mistari ya njano, anaona kudumaa kwa mimea michache wakati jirani zake zimenyooka, anasema, hapa patachanua. Kwangu mimi hakuna tofauti kati yake na yule kijana aliyejua jike amesogea kushoto. Wote wanaona jambo kupitia dalili zake.

Na ni kutazama kwa aina hiyo kulikozaa mojawapo ya kazi bora za sayansi katika eneo hili. Ukiwa Mbita, kando ya ziwa, kipo kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, na kampasi ya Mbita leo ina jina lake. Hapo, Zeyaur Khan na wenzake walikuwa wanatafuta mimea ya kuwafukuza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipopanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, waliona jambo ambalo hawakulitafuta: kayongo lilipungua mno. Ilikuja kujulikana kwamba mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kayongo na papo hapo huzizuia zisijipachike, zikafa bila mahali pa kunyonya. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo, majani ya nepia yaliyopandwa pembeni huwavuta, na wakulima huuita mpango huo vuta-sukuma. Ninaliheshimu jicho lililosimama mbele ya shamba la majaribio na kutambua kilichokosekana. Kuona ua ambalo halipo ni kugumu kuliko kuona lililopo.

Wadudu ni wengi kuliko maneno yangu, kwa hiyo nitawataja wachache tu. Kwanza sami, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopaa kwa pamoja hadi nguzo nyeusi zinasimama juu ya maji, ndefu kuliko mnara wowote wa simu. Mgeni hudhani kuna moto kwenye kisiwa. Viluwiluwi vyao hukua kwenye tope na maji ya ziwa, na aina mojawapo hufuata mwezi: hupaa kwa wingi siku chache baada ya mwezi mwandamo, jambo ambalo watafiti walilirekodi katika miaka ya 1950 na ambalo wavuvi hawakuhitaji kuambiwa. Upepo ukigeuka wanafika kwenye taa za Homa Bay mjini, wanajaa kwenye chai. Mwenye kuwatazama hufurahi hata hivyo, kwa sababu chini ya nguzo ile ndipo mbayuwayu, teleka na kereng'ende hukusanyika, na anayetaka kuwaona wote kwa pamoja hana haja ya kuzunguka.

Pili ni maugo, yaani ndorobo, katika Bonde la Lambwe. Huyu hatafutwi, anakutafuta. Bonde hilo liliwahi kuogopwa kwa ugonjwa wa malale, na mpaka leo utaona mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ikining'inia kwenye miti, kwa kuwa rangi hizo humvuta. Waongozaji wa Lambwe huvaa kaki na kijani kilichopauka, na mgeni akija na fulana ya buluu humwomba kwa upole aibadilishe kabla hawajaondoka.

Kisiwa cha Rusinga kinastahili kutajwa hapa, ingawa wadudu wake wa ajabu walikufa takribani miaka milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano iliyokuwa Kisingiri yalihifadhi matunda, mbegu na hata viwavi vya msitu wa zamani, vikageuka jiwe vikiwa na umbo lao kamili. Louis Leakey aliandika kuhusu viumbe hao mwaka 1952. Miaka minne kabla, mwaka 1948, Mary Leakey alipata Rusinga fuvu maarufu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul. Waliotafuta visukuku kwenye miteremko ile walitembea kama watazamaji wa ndege: polepole, jua likiwa pembeni ili kila kitu kiwe na kivuli, wakirudi mahali palepale baada ya kila mvua kubwa kwa sababu mvua huosha na kufunua.

Upande wa Migori, mahali ninapopapenda ni Thimlich Ohinga, ngome za kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Watu huja kutazama kuta, na wana haki. Lakini kuta hizo, zinazofika zaidi ya mita nne penye kimo kikubwa, zina maelfu ya nyufa, na kila ufa una mpangaji. Nyigu hupiga matope yao kwenye kivuli. Mijusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa hutingisha vichwa juu ya mawe yaliyopata moto. Ukisimama kwenye mlango mwembamba na kutulia, chozi watarudi kwenye maua mbele ya uso wako. Niliwaona wanafunzi wakipita hapo mbio kuelekea boma linalofuata, na mlinzi wa hapo, mtu mzima wa maneno machache, akawaita wawili waliobaki nyuma akawaonyesha kiota cha matope kilicho wazi upande mmoja, ndani yake buibui waliopooza wakimngojea buu atakayewala. Wale wawili hawakwenda kwenye boma linalofuata. Walikaa hapo.

Ndege ambaye ningetembelea Lambwe kwa ajili yake peke yake ni mbayuwayu buluu. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyo katika bonde hilo na yenye kilomita za mraba 120, ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Wengi huijua kwa sababu ya korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya hapatikani porini kwingine. Lakini nyasi zake pia hupokea mgeni kutoka mbali. Mbayuwayu buluu huzaliana kwenye nyasi za milimani, kutoka Afrika Kusini na Eswatini hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na hujenga kiota ndani ya mashimo ardhini, hata yaliyochimbwa na muhanga. Mashamba na misitu ya kupandwa imekula sehemu kubwa ya nyasi hizo, naye yuko hatarini. Ifikapo Aprili, wachache hufika Ruma. Hukaa hadi Septemba.

Tatizo ni kwamba mbayuwayu buluu kwa mbali ni mweusi. Na hapo hapo kuna mbayuwayu mweusi kweli, mwenye mkia wa panda pia. Mwongozaji niliyefuatana naye alisimama kwenye barabara ya hifadhi akiwa na jua mgongoni, akaacha ndege wapite mara nyingi bila kusema neno. Mweusi hupiga mabawa haraka haraka na hupenda kukaa karibu na miti. Buluu huteleza chini chini juu ya nyasi, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani, nyembamba mno. Lakini majike hawana nyuzi hizo ndefu, na upepo hubadilisha mruko wa kila ndege. Kilichobaki ni kungoja mpaka ndege ageuke na mwanga umpige mgongoni, kwa sababu buluu ile ya chuma haionekani kwa njia nyingine. Mmoja aligeuka. Wengine hawakugeuka, na katika daftari lake aliwaandika hivyo: mbayuwayu, hawakutambulika. Hakuwaongeza kwenye hesabu ya yule mmoja ili kumfurahisha mgeni aliyelipa.

Daftari hilo haliishii mfukoni. Tangu 2013 kuna Ramani ya Ndege ya Kenya, kazi ya pamoja ambamo nchi imegawanywa kwenye viraba vya takribani kilomita tisa kwa tisa, na mtazamaji hukaa kirabani saa mbili au zaidi akiorodhesha aina za ndege kwa mpangilio aliowaona au kuwasikia. Kabla yake kulikuwa na atlasi ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, iliyochapishwa mwaka 1989, na kulinganisha hizo mbili ndiko kunakoonyesha ni ndege gani amehama na ni yupi anapungua. Viraba vya Homa Bay na Migori vinahitaji watu wanaorudi, mwezi baada ya mwezi, hata mvua inapokuwa imeharibu barabara ya Lambwe.

Mwongozaji wangu hurudi. Alinionyesha kurasa za Oktoba na Novemba, miezi ambayo mbayuwayu buluu wako kusini wanalea makinda. Kila safari alikuwa ameandika jina lao na mbele yake neno moja: hakuna. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua kuandika ndege anayejua hayupo.

"Mzee," alisema, "nisipoandika siku ambazo hawapo, Aprili nitajuaje kama wamekuja mapema?"